Mlimani Usiku, Tambarare Asubuhi

Somo: Luka 6:12-26



Injili ya Luka, sura ya sita, ina safari fupi ambayo wengi wetu huipita haraka ili tufike kwenye heri na ole. Bwana wetu alipanda mlimani kuomba, akakesha huko usiku kucha mbele ya Mungu. Kulipokucha aliwaita wanafunzi wake, akachagua miongoni mwao kumi na wawili wawe mitume. Halafu akateremka pamoja nao, na Luka, ambaye ni mwandishi mwangalifu, ameona inafaa kutuambia namna ya mahali aliposimama: palikuwa tambarare. Hapo ndipo watu walipomkuta, wengi mno, wa Uyahudi na Yerusalemu, na wengine wa pwani ya Tiro na Sidoni, ambao kwa Wayahudi walikuwa kama watu wa mbali.

Mathayo yeye asema kwamba Bwana alipanda mlimani, akaketi, akafundisha. Kwa sababu hiyo wako wanaosema hizi ni hotuba mbili, na wako wanaosema ni hotuba moja, iliyotolewa kwenye mlima wenye uwanda ubavuni mwake. Hatuna haja ya kugombana juu ya jambo hilo. Tena tusiuwazie mlima ule kuwa mkubwa kama Rungwe. Mlima Tabori, ambao huko Galilaya huonekana mrefu, haufiki mita 600 juu ya usawa wa bahari, na Kapernaumu ipo chini ya usawa wa bahari kwa mita 200 hivi. Ilhali mji wetu wa Iringa umekaa juu zaidi ya mita 1,500, na Mbeya umezidi hapo. Mtu wa Galilaya angefika kwetu angesema kwamba watu wote wa huku huishi mlimani.

Lakini mlima wenye uwanda juu yake twaujua. Majuma machache kabla ya Kwaresima tulikwenda huko kwa miguu, tukalala usiku mmoja, watu 19 wa mitaa miwili, mmoja wa upande wa Mbeya na mmoja wa upande wa Iringa. Walikuwapo akina mama, vijana, wazee wawili waliokwisha kupita miaka 70, na padri mmoja. Mahali penyewe ni Kitulo.

Wasiopajua yafaa tuwaeleze. Ukisafiri kwa barabara kuu kutoka Mbeya kwenda Iringa, kiasi cha kilometa 80 hivi unafika Chimala, pembezoni mwa bonde la Usangu, mahali penye joto na mashamba ya mpunga. Upande wa kusini wa barabara milima inasimama kama ukuta. Hapo huanza ile njia ya kwenda Matamba ambayo watu wameiita Hamsini na Saba, kwa ajili ya kona zake 57. Sisi tulizihesabu, vijana walipata 55 na akina mama 59, basi tukawaachia wenyeji hesabu yao. Ukifika Matamba umeacha joto chini, unaona mashamba ya viazi mviringo, na watu wamevaa makoti. Kutoka Matamba tulikwenda kwa miguu, tukipanda polepole, pamoja na askari wa hifadhi aliyetuongoza. Mtu anayepanda hutazamia kukuta kilele mwisho wa njia. Kitulo hakuna kilele. Mlima unakwisha, na mbele yako ni uwanda wa nyasi na maua kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, umezungukwa na milima ya Uporoto na Kipengere na ile iitwayo Livingstone. Mlima Mtorwi, ulio karibu, unafika mita 2,960 hivi.

Wenyeji wamepaita Bustani ya Mungu. Wazungu waliwahi kupaita Uwanda wa Elton, kwa jina la balozi mdogo wa Kiingereza aliyepita huko mwaka 1877, akafa mwaka uo huo katika nchi ya Wagogo kabla hajafika pwani. Alipita mara moja tu. Jina la wale waliokuwa wakipita kila siku ndilo lililobaki midomoni mwa watu, nasi twaona hivyo ni haki. Mwaka 2005 Serikali ilipafanya kuwa Hifadhi ya Taifa, nayo yasemwa kuwa hifadhi ya kwanza katika nchi za joto za Afrika iliyowekwa hasa kwa ajili ya mimea. Zimehesabiwa aina kama 350 za mimea, na miongoni mwake aina 45 za okidi. Tulipofika, maua yalikuwa yamefunguka, ya njano, ya zambarau, meupe, hata mzee wetu mmoja alivua kofia kama mtu aliyeingia kanisani.

Katika habari ya mwendo, tulifanya kama Yakobo alivyomwambia Esau ndugu yake katika Mwanzo sura ya 33: kwamba watoto ni wachanga na wanyama wananyonyesha, basi Esau atangulie, naye atafuata polepole kadiri ya miguu ya watoto. Tulimweka mbele yule aendaye polepole kuliko wote, wengine nyuma yake, na vijana wawili wenye nguvu wakaja mwisho. Mwanzoni vijana walinung'unika kidogo. Baada ya saa moja walikuwa wakiimba. Safari ambayo wenye nguvu wangeimaliza kwa saa tatu sisi tulikwenda kwa sita, na hakuna aliyeachwa, wala hakuna aliyefika akiwa hawezi kusema. Yafaa wale wanaopanga safari za kanisa walifikirie hilo. Mara nyingi hupanga kwa kipimo cha kijana wa miaka 20, kisha hushangaa mbona wazee hawaji.

Sasa tuje kwenye usiku, maana hapo ndipo somo la Luka lilipotushika.

Siku hizi katika mitaa yetu ipo desturi ya kwenda mlimani kuomba. Watu hupanda jioni, hukesha, hushuka alfajiri. Hatusemi kwamba ni vibaya. Bwana wetu alifanya hivyo, nasi tumewaona watu waliokwenda na mizigo mizito mioyoni wakarudi na amani. Lakini tumeona na jambo jingine. Tumeona watu walioshuka mlimani wakakaa kanisani upande wao, wakiwatazama wengine kama watu ambao bado. Katika mtaa mmoja hata shughuli ya kufagia kanisa iligawanyika: wa mlimani walisema wao wana huduma nyingine. Wazee wa kanisa walilishughulikia kwa muda mrefu, na wengine hawajasameheana hadi leo.

Huko Kitulo, baada ya Sala ya Jioni tuliyosoma kwa mwanga wa tochi, baridi ilikuwa kali, na ukungu ukashuka mpaka mahema ya jirani hayakuonekana. Wachache walitaka kukesha. Wengine walikwenda kulala mara moja, na miongoni mwao alikuwapo mzee wetu mmoja, ambaye alikoroma usiku mzima. Asubuhi mmoja wa waliokesha alisema, kwa mzaha ambao si mzaha, kwamba wako waliokuja kuomba na wako waliokuja kulala. Hakuna aliyemjibu. Lakini mzee yule aliyekoroma ndiye aliyebeba sufuria kubwa kutoka Matamba, pamoja na mfuko wa mama mmoja aliyekuwa akiumwa goti, na ndiye aliyeamka saa kumi na moja kuwasha jiko la mafuta ili waliokesha wapate chai.

Padri alilisikia neno lile. Tulipokwisha kunywa chai alitusomea Luka sura ya sita, akatuuliza maswali badala ya kutuhubiria. Swali la kwanza: wale mitume kumi na wawili walifanya nini usiku ule Bwana alipokuwa akikesha? Luka hasemi. Ametuambia tu kwamba Bwana aliwaita kulipokucha. Bila shaka wengine walilala, maana hao ndio watu ambao baadaye, katika sura ya tisa, walilemewa na usingizi kwenye mlima ule wa utukufu, na tena katika Gethsemane. Basi Bwana alikesha, wao wakalala, na asubuhi akawaita kwa majina, hata yule ambaye angemsaliti. Kukesha kwake kulikuwa kwa ajili yao. Hakukutumia kuwapima.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: kwa nini akashuka mpaka mahali tambarare? Kijana mmoja alisema ni ili sauti isikike. Mama mmoja alisema ni kwa ajili ya wagonjwa, kwa sababu mgonjwa hawezi kupanda. Jibu la mama huyo twaona ndilo lenyewe, maana Luka anaendelea kusema kwamba mkutano wote walitafuta kumgusa. Mtu aliye juu ya jabali hutazamwa, kuguswa haguswi. Aliyebebwa kwa machela, kipofu, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mgeni wa Sidoni asiyezijua njia za pale, wote waliweza kufika mahali pale, na walipofika walisimama sawasawa na Petro. Na liko neno dogo katika mstari wa 20 ambalo hatukuwa tumeliona miaka yote tuliyofundisha habari hii: Bwana alipotaka kusema heri, aliinua macho kuwatazama wanafunzi wake. Sisi wahubiri huinamisha macho kutoka mimbarani. Yeye aliinua. Huenda alikuwa ameketi, huenda alikuwa ameinama juu ya mgonjwa. Kwa vyovyote, macho yake yalikuwa chini ya macho yao.

Hapo askari wa hifadhi, ambaye alikuwa amekaa kimya na kikombe chake, alituonyesha kitu kuhusu uwanda wenyewe. Mvua ikinyesha kwenye mlima wenye ncha, alisema, maji yanakimbia siku ile ile na udongo pamoja nayo. Ikinyesha hapa, haina pa kukimbilia. Inakaa. Udongo wa Kitulo ni majivu ya volkano za zamani, unashika maji kama sifongo, na kila mahali katika nyasi tulizikanyaga chemchemi ndogondogo, viatu vikilowa. Maji hayo hutoka kidogokidogo, mwezi baada ya mwezi, yakashuka Usangu, yakawa sehemu ya Ruaha Mkuu. Mto huo ndio uliojaza bwawa la Mtera, lililokamilika mwaka 1980, na ndio unaoendesha mitambo ya umeme ya Kidatu tangu mwaka 1975, kisha ukaungana na maji ya Rufiji kwenda baharini. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka sehemu ya mwaka mle unamopita katika Hifadhi ya Ruaha, kwa sababu maji mengi hutumika njiani, hasa Usangu. Mama mmoja wa Iringa alisema hakujua kwamba taa ya nyumbani kwake ina uhusiano na majani haya aliyoyakanyaga. Tulikaa juu ya jambo hilo kwa muda. Tulisali kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya wakulima wa mpunga, na kwa ajili ya wale walio mwisho wa mto. Kisha tukakunja mahema.

Inatupasa kueleza pia juu ya mahema. Petro, katika sura ya tisa, alipoona utukufu alitaka kujenga vibanda vitatu wakae huko huko. Luka asema hakujua alisemalo. Twamwelewa Petro, maana jua lilipopenya ukungu na uwanda wote ukang'aa kwa umande, wako miongoni mwetu walioomba tukae siku ya pili. Lakini kibali chetu kilikuwa cha usiku mmoja. Luka peke yake, kati ya waandishi wa Injili, ndiye anayesema kwamba waliposhuka katika mlima ule ilikuwa siku ya pili yake. Basi nao walilala usiku mmoja. Na waliposhuka walikutana na baba mwenye mtoto mgonjwa, mtoto wa pekee.

Sisi tulikutana na mwanamke mwenye ndoo.

Ilikuwa nje ya hifadhi, kwenye njia ya kurudi Matamba. Alikuwa na umri wa miaka 30 na kitu, mtoto mgongoni, na ndoo ya plastiki kichwani imefunikwa kitenge. Alitua ndoo, akapiga magoti kidogo kama ilivyo desturi ya huko.

“Shikamooni, wazee wangu.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo na mtoto?”

Kitenge kiliteleza, tukaona ndani ya ndoo. Zilikuwa chikanda.

Msomaji wa Mbeya hahitaji kuelezwa. Wa Iringa pengine atahitaji. Chikanda ni viazi vidogo vya okidi, vya yale maua yale yale tuliyoyavulia kofia. Huchimbwa, hukaushwa, hutwangwa, hupikwa pamoja na unga wa karanga hata viwe kitu kigumu cha kukatwa vipande kama mkate. Ndugu zetu wa Zambia wanakipenda sana, na viazi vingi hupitia Tunduma. Watafiti waliofanya hesabu mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kuwa viazi vinavyotoka nchini mwetu kwenda huko ni mamilioni kila mwaka. Na okidi hairudi upesi. Chini ya ua kuna viazi viwili: kimoja cha mwaka huu, ambacho kinanyauka kwa kulilisha ua, na kingine kipya, kigumu, ambacho ni akiba ya ua la mwakani. Mchimbaji hutaka kile kigumu. Mbegu zake nazo ni kama vumbi, hazina chakula ndani, na mche huchukua miaka mingi kabla ya kutoa ua. Basi ukichukua kile kiazi umechukua mwakani.

Ndani ya hifadhi kuchimba ni kosa kwa sheria, na twaona sheria hiyo ni njema. Mwanamke yule alisema amechimba nje, katika majani ya kijiji. Hatukuwa mahakimu. Hata hivyo mmoja wetu, yule yule aliyesema habari ya kulala na kuomba, alianza kumwonya kwa sauti kubwa kwamba anaiharibu Bustani ya Mungu. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa adabu:

“Mmetoka kuomba huko juu?”

“Ndiyo, mwanangu.”

“Sisi mmetuombea nini?”

Kukawa kimya. Tulikuwa tumeomba kwa ajili ya mvua, tukawaombea wakulima wa Usangu na watu wa mwisho wa mto. Tulikuwa tumeyaombea maua, kusema kweli, maana kijana mmoja aliyataja kwa maneno mazuri. Watu wa Matamba hakuna aliyewataja, nasi tulilala juu ya vichwa vyao. Padri alimjibu kweli: “Hatukuwaombea, mama. Tuombe sasa. Tuseme nini?” Naye akasema: sare ya mtoto wake wa darasa la nne, na mbegu ya viazi, kwa sababu ile ya kwake iliungua kwa ugonjwa msimu uliopita, na ndiyo sababu ya ndoo hii. Tukaomba hapo njiani, tumesimama, yeye akiwa kati yetu. Kulikuwa na ukungu bado, na mtoto alilia muda wote.

Tulipokuwa tukishuka, mjadala ulianza, nao uliendelea ndani ya gari kona zote 57. Wako waliosema kwamba umaskini hauhalalishi kuharibu. Ukiisha kuchimba okidi ya mwisho, mtoto atakosa sare na ua pia. Wako waliosema kwamba ni rahisi kupenda maua kwa mtu ambaye mbegu yake haikuungua. Padri alinyamaza sana, akasema mara moja tu kwamba turudi kwenye somo tuone Bwana alianza na nani.

Tulirudi. Pale tambarare Bwana aliwaambia maskini heri, na matajiri ole, na wote wawili walikuwa mbele yake, wanasikia kila mtu la mwenzake. Hakuanza na makosa ya maskini, ingawa maskini nao wana makosa. Ole yake aliwaelekezea walioshiba. Tuliposoma hivyo, mtu mmoja aliuliza ni nani aliyeshiba katika habari ya ile ndoo. Ndoo hupita mikono mingi kabla haijawa chakula mezani, na kama ilivyo katika biashara nyingi za mazao yetu, mkono wa kwanza ndio unaobaki na kidogo. Walionunua chikanda na kuisifu ladha yake, hata ndani ya lile gari, hawakukosekana. Na sisi tuliokwenda huko kwa kulipa kiingilio tulipita lango ambalo kabla ya mwaka 2005 halikuwapo, tukaingia mahali ambapo watu wa vijiji vile walikuwa wakichunga na kuchimba bila kumwuliza mtu. Hatusemi lango liondolewe. Twasema kwamba mtu anayelipita ajue limewagharimu nini walioachwa nje, kabla hajafungua kinywa kumwonya mama mwenye ndoo.

Twarudia, ili tusieleweke vibaya: viazi vile visichimbwe. Uwanda ule ukipoteza majani yake utapoteza maji yake, na watu wa Usangu na wa mbali watalia pamoja na watu wa Matamba. Lakini anayetaka visichimbwe ana deni la kuuliza mbegu ya viazi mviringo inapatikana wapi na kwa bei gani, na nani wa kuileta kabla ya msimu. Swali hilo halina utukufu wowote. Linahusu magunia, nauli, na mtu wa kuyapokea.

Tumeandika haya kwa sababu Kwaresima imefika, na katika mitaa yetu mikesha itakuwa mingi. Vikundi vitapanda Loleza na Mlima Mbeya, na kwa watu wa Iringa viko vilima vingi vya karibu. Nendeni, wapendwa. Mwende na wazee, kwa mwendo wao. Kesheni kama mwaweza, na wasioweza waacheni walale. Lakini kabla ya kupanda, pitieni kwanza katika nyumba zilizo chini ya mlima huo, mwaulize waliomo waombewe nini, mkaandike majina. Sisi hatukufanya hivyo kwa kuwa hatukuwa na desturi hiyo. Sasa mitaa yote miwili imekubali kuianza.

Kuhusu yule mama: mwinjilisti wa huko ameshaombwa kumtafuta, na jina lake tunalo. Sare imeshonwa na akina mama wa upande wa Iringa. Habari ya mbegu haijakwisha. Mzee wetu yule wa sufuria, ambaye alilima viazi maisha yake yote, asema mbegu safi isiyo na ugonjwa haipatikani kwa mtu mmoja mmoja, lazima familia kadhaa zinunue pamoja na kupanda shamba moja la mbegu kwanza, tena shamba ambalo halikulimwa viazi karibuni. Ametoa makadirio ya gharama kwa kaya kumi. Yamebandikwa kwenye ubao wa kanisa katika mitaa yote miwili, na wanaotaka kuchangia au kupinga hesabu yake watukute Jumapili ya pili ya Kwaresima, baada ya Misa, chini ya mti ulio upande wa ofisi.